Kupanga upya nyumba kuukuu ya safu: anzia katikati

Mtu akipata nyumba kuukuu ya safu, yaani ile ambayo kuta za ubavuni mnachangia na majirani, swali lake la kwanza huwa: tubomoe ukuta upi? Mimi na mwenzangu tuliipanga upya ya kwetu huku tukiishi humo humo na vumbi lake, na tangu hapo nimekaa na ndugu na marafiki kuchora za kwao. Swali la ukuta mimi naliweka mwisho. Kwanza jiulize katikati ya nyumba utaweka nini.

Nyumba ya namna hii ni nyembamba na ndefu, na madirisha yako mbele na nyuma tu. Ubavuni kuna jirani. Mwanga wa mchana nao hauendi mbali: kwa makadirio ya kawaida, chumba huangazwa vizuri hadi umbali wa kama mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Dirisha linaloishia mita 2.1 kutoka sakafuni linakupa mita 4 na kidogo za mwanga mzuri. Sasa kama nyumba ina kina cha mita 12, mbele umepata 4, nyuma umepata 4, na pale kati zimebaki mita 4 za kuwasha taa saa sita mchana. Ukibomoa kuta zote mwanga utaonekana kwa mbali, lakini hapo kati hapatageuka kuwa mahali pa kusomea gazeti.

Basi, wape giza wasiolijali. Ngazi, stoo, choo cha wageni, mashine ya kufulia, makabati ya nguo na vyombo: hivi vyote havihitaji dirisha, vinahitaji feni nzuri ya kutoa hewa na taa tu. Kwetu chumba cha kati kiliitwa chumba cha kulia chakula, ingawa hakuna aliyekula humo. Kilikuwa njia ya kwenda jikoni na pa kurundika visivyo na pa kukaa. Tulikikata: upande mmoja choo na sehemu ya kufulia, upande wa pili makabati marefu hadi darini, na kipande kilichobaki kikaongezwa jikoni. Sebule ya mbele hatukuigusa kabisa. Wageni waliotuzoea bado hutuuliza tumejenga wapi, nasi hatukuongeza hata tofali moja nje.

Kinachofuata ni bomba la maji taka, na hili ndilo huvunja michoro mingi mizuri. Bomba la choo huwa na kipenyo cha milimita 110 hivi na lazima literemke. Mteremko wa 1 kwa 40 ni kipimo kizuri cha kuanzia, maana yake linashuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukikisogeza choo mita 4 kutoka kwenye bomba kuu, tayari unadaiwa sentimita 10 za kushuka, ukijumlisha na unene wa bomba lenyewe zinazidi 20. Je, sakafu yako ina nafasi hiyo? Kama ni ya mbao, bomba linaweza kufuata mkondo wa maboriti, likilala kati yake, lakini kuyakatiza haiwezekani bila kuyatoboa matundu makubwa yatakayoyadhoofisha. Ndiyo sababu sichori chochote kabla ya kufunua chemba za nje na kujua bomba linapita wapi na kwa kina gani. Kuna pampu ndogo za kusaga na kusukuma uchafu kwa bomba jembamba, lakini zina kelele, na umeme ukikatika choo hakitumiki. Mimi huzikwepa. Jiko ni rahisi zaidi kuhama, kwa kuwa maji ya sinki hutosheka na bomba la milimita 40 au 50.

Sasa ukuta. Usiugonge kwa ngumi ukasikiliza mlio. Ukuta mwepesi wa mbao na plasta nao unaweza kuwa umebeba sakafu ya juu. Angalia maboriti ya sakafu yanalala kuelekea wapi na yanaishia juu ya nini, na kama ghorofani kuna ukuta mwingine umesimama palepale. Kisha mwite mhandisi, si fundi peke yake. Boriti la chuma lina hesabu zake, na katika nyumba ya safu ncha zake mara nyingi hukaa kwenye ukuta wa pamoja, kwa hiyo jambo linamhusu jirani pia. Bomba la moshi la zamani, lile lililojengwa kwa matofali, ndilo hatari zaidi: ukiondoa sehemu ya chini ili upanue chumba, yale matofali ya ghorofani na ya juu ya paa yanabaki yananing'inia yasipopewa mhimili mwingine, na pengine njia ya moshi ya jirani imejengwa ndani ya matofali hayohayo.

Hata pale mhandisi aliporuhusu, mimi nisingefungua kila kitu. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa itapanda hadi vitandani, na anayetazama mpira atashindana na mashine ya kufulia. Acha vipande vya ukuta vya nusu mita hivi kila upande, upate pa kuegemeza kabati na pa kuweka swichi, na tundu la kati litie milango mipana ya kuteleza. Ukuta na mlango unaotenga ngazi na jiko usiuondoe kabla ya kupata ushauri wa usalama wa moto. Moto ukianzia jikoni usiku, waliolala juu wanahitaji njia ya kutoka isiyopita ndani ya moshi. Vitambua moshi weka kila ghorofa.

Anayetaka kuongeza chumba nyuma ajue kwamba anachukua dirisha la chumba kilichokuwa nyuma kabla. Dirisha la paani, pale jengo jipya linapokutana na la zamani, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga uliopotea. Na chini ya sakafu ya mbao kuna matundu ya hewa kwenye kuta za nje. Ukiyaziba kwa zege bila kuyatafutia njia nyingine, unyevu utaozesha mbao kimyakimya.

Upimaji hauna mengi. Pima kila chumba na pembe kwa pembe pia, kwa sababu nyumba kuukuu hazina pembe mraba, na usisahau unene wa kuta. Kisha chora mpango mpya kwa chaki sakafuni, ukubwa halisi, mtembee humo mkiwa mmebeba masufuria na vikapu vya nguo. Korido ya chini ya sentimita 90 itawachosha. Kati ya kabati na kabati jikoni acheni mita 1 hadi 1.2.

Kabla ya nyundo ya kwanza, fundi wa umeme akague nyaya, na kama nyumba ni ya enzi ambazo asbesto (madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu) ilitumika, dari, paa na vigae vya zamani vipimwe kwanza. Kuta za pamoja zipigwe picha pande zote mbili, jirani akiwepo, zioneshe kila ufa uliokuwapo. Makubaliano yawe ya maandishi hata kama mnapendana. Siku za kubomoa mwambie mapema, hasa kama ana mtoto mchanga au anafanya kazi zamu ya usiku.