Kutoka Unguja hadi Muscat: zihesabu vizuri saa zilizoandikwa kwenye tiketi

Wengi wetu Unguja na Pemba tuna ndugu Oman, na kila anayejiandaa kwenda kuwatembelea huuliza safari ni ya saa ngapi. Kwa kuwa nimesafiri njia hiyo na kuwasindikiza wengine hadi Kisauni, ulipo uwanja wa ndege wa Unguja, ushauri wangu ni kwamba usikubali jibu unalolipata kwa kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume hadi Muscat ni takriban kilomita 3,900 angani, na Dubai nayo, jambo ambalo wengi hawalitarajii, iko karibu umbali huo huo. Ndege kubwa ikishatulia juu hukata kilomita 800 hadi 900 kwa saa, lakini kupaa na kushuka kuna muda wake, kwa hiyo safari ya moja kwa moja huchukua saa tano na kitu.

Muscat iko mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya kila mji kama ilivyo katika mji huo. Tuseme ndege inaondoka Unguja 16:00 na kufika 22:15: ukitoa utapata saa sita na robo, ilhali utakaa ndani ya ndege saa tano na robo tu. Wakati wa kurudi mambo hugeuka, na safari huonekana fupi kuliko ilivyo. Basi ukienda punguza saa moja, ukirudi ongeza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ndege za usiku wa manane. Shangazi yangu aliwahi kuandikiwa Ijumaa 02:30, naye akawa anapanga kuaga watu Ijumaa mchana. Saa hiyo ni saa nane na nusu ya usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa kuwa abiria wa nje hutakiwa kufika uwanjani saa tatu kabla, ilimpasa awe pale Alhamisi saa tano na nusu usiku. Nilichukua kalamu nikamwandikia juu ya karatasi ya tiketi: "Alhamisi, baada ya Isha, tunatoka nyumbani." Tangu hapo kila mzee ninayemsaidia humwandikia hivyo, siku na saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Anayetoka Pemba ana jambo moja zaidi. Chake Chake hadi Unguja ni kama kilomita 125, nusu saa hivi kwa ndege ndogo, na ufupi huo huwashawishi watu kuunganisha safari mbili siku moja. Mimi sishauri hivyo, hasa wakati wa masika, kwa sababu mvua ikiichelewesha ndege ndogo, na tiketi zako zimekatwa mbalimbali, ile kubwa haitakusubiri wala shirika halilazimiki kukurudishia fedha. Isitoshe, ndege ndogo huruhusu mzigo mchache, kwa hivyo masanduku mazito ni bora yatangulie kwa boti kutoka bandari ya Mkoani. Vuka siku moja kabla, ulale kwa jamaa mjini, na uulize kilo unazoruhusiwa katika kila tiketi kabla hujaanza kufunga mizigo.