Maswali ya Wasomaji: Faili za Sauti za Mtandaoni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Muscat, na jioni hupenda kusikiliza redio za nyumbani kwa kompyuta. Katika tovuti ya kituo kimoja, kila nikibofya palipoandikwa "Sikiliza", hupakuliwa faili inayoishia na .m3u, isiyofika hata kilobaiti moja, na haitoi sauti yoyote. Tatizo ni nini? Na kati ya maumbizo ya sauti ya MP3, AAC na Opus, ni lipi linalokula bando kidogo?

JIBU: Faili hiyo haina sauti ndani yake, wala haikukusudiwa kuwa nayo. Ukiifungua kwa programu ya maandishi kama Notepad, utakuta mistari michache tu: wa kwanza huwa #EXTM3U, unaofuata huenda ukataja jina la kituo, na wa mwisho ni anwani ya intaneti, ambayo mara nyingi huwa na namba 8000, kwa kuwa ndiyo namba ya kawaida ya seva za Icecast zinazotumiwa na vituo vingi vya redio. Kazi ya faili ni kuieleza programu ya kuchezea sauti mahali matangazo yanapopatikana, na faili za .pls hufanya kazi iyo hiyo. Kompyuta yako basi ni nzima. Inachokosa ni programu inayoisoma orodha hiyo, kwa mfano VLC, ambayo hutolewa bure.

Ukikutana na .m3u8, tahadhari kidogo. Huo ni utaratibu uliotolewa na Apple mwaka 2009, ambao hukata matangazo katika vipande vya sekunde chache na kuihuisha orodha ya vipande hivyo kila mara. Nakala ya orodha uliyoipakua jana huenda leo isikufae kitu, kwa hiyo hifadhi anwani, si faili.

Kuhusu bando, jina la umbizo halitoshi kukupa jibu. Kinachoamua matumizi ni idadi ya biti (nane kati ya hizo ni baiti moja) zinazotumwa kila sekunde: mkondo wa matangazo wa kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 58 kwa saa, uwe wa MP3 au wa AAC, na ule wa kilobiti 64 hutumia nusu yake. Tofauti iko katika ubora unaoupata kwa kiasi hicho. MP3, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, huondoa sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi. Lakini ikibanwa sana, matoazi na herufi "s" huanza kusikika kama maji yanayochuruzika. AAC, iliyosanifiwa mwaka 1997, hustahimili zaidi, na Opus ya mwaka 2012 huzishinda zote mbili katika viwango vya chini vya biti, ndiyo maana WhatsApp huitumia kwa ujumbe wa sauti. Kituo kikikupa chaguo la AAC au Opus ya kilobiti 48, lichukue bila kusita. Vituo vingi bado vimeng'ang'ania MP3, nami siwalaumu, kwa sababu karibu kila kifaa huicheza.

SWALI: Nimehamisha kaseti za mawaidha ya marehemu babu kwenye kompyuta zikiwa WAV, yaani sauti isiyobanwa. Kila saa moja imefika megabaiti 635. Nizigeuze kuwa nini ili ndugu walio mbali wazisikilize mtandaoni?

JIBU: Zigeuze nakala, usiguse faili za asili. Hizo zihifadhi katika FLAC, ambayo hupunguza ukubwa pasipo kupoteza chochote, mara nyingi hadi karibu nusu. Kwa mtandaoni, toa nakala za MP3 za kilobiti 64, za chaneli moja ya sauti badala ya mbili, kwa sababu msemaji mmoja hahitaji kushoto na kulia. Saa nzima itakuwa kama megabaiti 29. Ogg, umbizo jingine la sauti, iepuke kwa ndugu wenye iPhone, kwani vifaa vya Apple kwa miaka mingi havikuipokea. Wala usitoe nakala mpya kutoka kwenye MP3 ukidhani kuirudisha WAV kutairejesha sauti ya mwanzo: kilichokwisha kuondolewa hakirudi, na kila ukibana upya unaondoa kingine.