Fidla ya mwishoni mwa wimbo Baba O'Riley
Ni fidla halisi, si kinanda cha umeme. Kwenye rekodi ya 1971 ya The Who, bendi ya roki ya Uingereza, aliyeipiga ni Dave Arbus wa bendi ya East of Eden. Hakuwa mwanabendi wa The Who, ndiyo maana jukwaani mara nyingi mwimbaji wao Roger Daltrey alipuliza kinanda cha mdomo mahali hapo.

Wimbo uko kwenye F meja, kwa hiyo kidole cha kwanza (cha shahada) kirudishe nyuma kabisa, kuelekea kichwa cha fidla, kwenye nyuzi za A na E, upate B flati na F. Vidole vitazoea haraka. Upinde ndio kazi, maana mwendo unazidi kuongezeka: vuta upinde kwa mivuto mifupi na usiukaze mkono.