Farasi wangu wa kwanza nilimnunua kwa rangi

Alikuwa mweusi tii, ana doa jeupe usoni, shingo imepinda kama upinde. Nilimwona mara moja tu, adhuhuri, akiwa ameshatandikwa, na siku hiyo hiyo nikalipa. Yeye alikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa na miezi minne tangu nijifunze kukaa juu ya farasi. Mzee aliyekuwa akinifundisha alimzunguka kimya, akamwinua mguu mmoja, akauachia, kisha akaniambia, "Mwanangu, umenunua rangi."

Nilinuna. Wiki ya pili, baada ya kuangushwa mara tatu kwa siku moja, nilirudi kwake nikichechemea. Alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa mbavu zangu: farasi mbichi anataka mpandaji aliyekomaa, na mpandaji mbichi anataka farasi aliyekomaa. Mbichi kwa mbichi, mmoja lazima aumie. Zaidi ya hayo, mifupa ya mgongo wa farasi haimalizi kukomaa mpaka afike miaka mitano au sita hivi. Nilikuwa nimempanda mtoto.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, farasi wa kwanza awe na miaka 8 hadi 15, mtulivu, aliyezoea kupandwa na watu tofauti tofauti. Usiogope huo umri. Farasi aliyetunzwa vizuri huishi miaka 25 au 30, kwa hiyo wa miaka 12 bado ana kazi nyingi mbele yake.

Siku hizi nikienda kumtazama farasi wa kuuzwa, nafika mapema kuliko tulivyopatana. Kitu cha kwanza ni kumpapasa kifuani na mahali linapokaa tandiko. Nikikuta joto na jasho, najua amekimbizwa asubuhi ili mimi nimkute mpole. Nataka nimwone akikamatwa malishoni, akivishwa hatamu, akiinuliwa miguu yote minne. Wakati wa kukaza mkanda wa tandiko ndipo masikio yake yanapozungumza: akiyalaza nyuma na kugeuka kutaka kuuma, huenda mgongo au tumbo linamsumbua. Kisha naomba aongozwe kwa mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo za kudundadunda, kamba ikiwa legevu, kwenye ardhi ngumu iliyonyooka. Hapo nafumba macho kwanza, nasikiliza. Mapigo ya kwato yanatakiwa yalingane. Nikifumbua macho naangalia kichwa: kikiruka juu kila mguu fulani wa mbele unapogusa chini, mguu huo ndio unaouma.

Baada ya hapo mwite daktari wa mifugo, wa kwako, asiwe wa muuzaji. Apime moyo, macho, meno na miguu, tena achukue damu ihifadhiwe, maana kuna wanaomchoma farasi sindano ya maumivu au ya kumtuliza kabla mteja hajafika. Rudi tena siku nyingine, saa nyingine. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini kwenye farasi mimi nachagua mpaka muuzaji achoke.

Turudi kwa huyu mweusi, kwa sababu sikumuuza. Kwa karibu miaka miwili sikumpanda. Nilimfundisha nikiwa chini. Siku za kwanza nilikuwa navuta kamba, naye anavuta kwake. Kilo zangu sitini na tano, zake mia tano, hesabu rahisi. Mzee akanionyesha: kaza kamba kidogo tu, kisha ngoja. Usiongeze, usiachie. Tulisimama hivyo, mimi na farasi, labda nusu dakika. Halafu akahamisha uzito kwenda mbele, hata hatua hajapiga, mzee akanifokea, "Legeza!" Nikalegeza. Mara ya tatu, nilipoigusa tu kamba, akaja. Farasi hujifunza pale unapolegeza, wala si pale unapokaza, na ukichelewa kulegeza umemfundisha kitu kingine kabisa. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, na acha akiwa amefanya vizuri. Kumbuka pia kwamba macho yake yako pembeni: anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Mwendee kwa begani huku unaongea. Teke nililopigwa pajani lilitokana na kupita nyuma yake kimya kimya, kosa langu kabisa.

Matunzo sasa. Hapa ndipo watu wanapopoteza farasi.

Tumbo lenyewe la farasi ni dogo kwa mnyama wa ukubwa ule, nalo limeumbwa kupokea nyasi kidogo kidogo mchana na usiku. Wa kilo 500 anahitaji kama kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, na maji lita 25 hadi 50, zaidi kukiwa na joto au kazi. Nafaka nyingi kwa mpigo mmoja humletea msokoto wa tumbo, au ule ugonjwa wa kwato unaomfanya asimame kama anayekanyaga makaa. Na farasi hawezi kutapika. Kikishaingia kibaya, hakirudi.

Hayo niliyajua kwa kusikia. Nikayajua kwa macho alfajiri moja. Nilifika bandani nikamkuta anaparapara chini kwa mguu wa mbele, anageuka kutazama ubavu wake, anakunja mdomo wa juu. Ndoo ya maji ilikuwa vile vile nilivyoiacha. Sakafuni hakukuwa na kinyesi hata kimoja. Nikaweka sikio ubavuni: kimya, na tumbo la farasi mwenye afya hunguruma saa zote. Nikatafuta mshipa chini ya taya, nikahesabu mapigo kwa sekunde 15, nikazidisha mara nne. Sitini. Akiwa ametulia ni 28 hadi 44. Nikatoa chakula chote, nikampigia daktari, wala sikummiminia chochote mdomoni. Alipitishiwa mpira puani hadi tumboni, na jioni akaangusha kinyesi. Sijawahi kufurahia mavi namna ile. Chanzo kilikuwa mimi: nyasi za zamani ziliisha, nikambadilishia zote kwa siku moja. Chakula kipya huchanganywa na cha zamani kwa siku 7 hadi 10.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi naanza na sakafu na ndoo kabla ya kumsalimu.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Chokoa kwato kila siku, ukianzia kisigino kwenda mbele, na unuse. Harufu ya kuoza maana yake banda lina unyevu. Fundi wa kwato aje kila wiki 6 hadi 8. Meno yakaguliwe kila mwaka, maana kingo zake huwa kali. Ukiona anadondosha matonge ya nyasi aliyotafuna nusu, usingoje mwaka uishe. Chanjo ya pepopunda usiikose, kidonda kidogo tu humtosha kuupata.

Sasa ana miaka 16. Mpwa wangu anampanda bila mimi kushika kamba. Ule weusi tii nilioulipia ulipauka juani mwaka wa kwanza tu. Kila kiangazi anageuka wa kahawia kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, na mzee kila akipita huniuliza yule farasi wangu mweusi nimemficha wapi.