Oksijeni ya mchana inatosha, mbona samaki wanakufa?

SWALI: Mtaalamu, mimi na wenzangu tumekuwa tukivua kwa ndoana kwenye mto mmoja tangu utotoni. Siku hizi bomba la kituo cha kusukuma majitaka hufurika, hasa mvua zikianza, na kinachotoka ni majitaka ghafi, kila mtu anayaona. Samaki wanakufa, ila si pale bombani. Tunawakuta asubuhi wameelea huko chini, kilomita kadhaa, karibu na daraja. Tulipolalamika walikuja watu wa maabara saa nane mchana, wakapima hatua chache chini ya bomba. Ripoti yao inasema joto la maji ni nyuzi 27 na oksijeni ni miligramu 9 kwa lita, kwa hiyo mto ni mzima, na samaki huenda wameuawa na sumu ya wavuvi haramu. Je, kipimo hicho ni cha uongo? Na samaki walio hai, tuwale?

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo chao huenda ni sahihi kabisa. Kasoro iko kwenye mahali na saa. Mtu anayetaka kupima mto wenye majitaka na asione kitu angechagua hapohapo na saa hiyohiyo. Sisemi walikusudia, saa nane mchana ndiyo saa ambayo watu wa ofisini wameshafika, wamepanga vifaa na jua limewaka. Lakini mto haufuati saa za kazi.

Tuanze na mahali. Majitaka ya nyumbani kwa kawaida hayawaui samaki kwa sumu kwanza, huwanyima pumzi. Ule uchafu ni chakula cha bakteria, na bakteria wanapoula wanatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Wataalamu hupima njaa hiyo kwa kuweka sampuli gizani siku 5 kwa nyuzi 20 na kuangalia oksijeni iliyotumika. Mto safi hutumia miligramu 1 au 2 kwa lita. Majitaka ghafi hutumia 200, 300, wakati mwingine zaidi. Sasa chukua mto unaopitisha lita 1,000 kwa sekunde ukiwa na njaa ya 2, uumiminie lita 50 tu kwa sekunde za majitaka yenye 300. Mchanganyiko unatoka na njaa ya 16. Kiangazi, mto uleule ukishuka hadi lita 200 kwa sekunde, majitaka hayohayo yanaufikisha kwenye 60 na ushei. Na maji ya nyuzi 27, hata yakishiba hewa kabisa, hubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Deni ni kubwa kuliko akiba.

Lakini deni halilipwi papo hapo. Bakteria wanahitaji muda wa kuzaliana na kula, na wakati huo maji yanasafiri. Pale bombani penyewe, maji yaliyotoka juu bado yana oksijeni yake yote. Unaposhuka na mto, oksijeni inapungua, inapungua, inafika chini kabisa, kisha hewa inayoingia kupitia uso wa maji inaanza kuushinda ulaji wa bakteria na mto unapanda tena taratibu. Ukichora kwenye karatasi unapata mstari uliobonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Wataalamu wawili, Streeter na Phelps, waliuandika kwa hesabu mwaka 1925, wakifanya kazi kwenye mto Ohio wa Marekani, na mpaka leo kila mhandisi wa majitaka anaujua. Maana yake kwako ni hii: maji yanayotembea sentimita 30 kwa sekunde husafiri kilomita 26 kwa siku moja. Kama oksijeni inafika chini kabisa baada ya nusu siku, sehemu mbaya iko kilomita 13 chini ya bomba. Mto mfupi wenye mawe na maporomoko hupata nafuu mapema zaidi, mto mzito wenye vidimbwi huchelewa. Hilo daraja lenu halishangazi hata kidogo.

Saa nayo ina habari yake, na hapa ile 9 yao imejisema yenyewe. Nimetangulia kusema maji ya nyuzi 27 hushiba kwenye takriban 8. Wamepata 9 wapi? Kama hakuna maporomoko jirani yanayopigapiga hewa majini, jibu ni mwani: ule utelezi wa kijani kwenye mawe na ukijani ndani ya maji yenyewe. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kuliko maji yanavyoweza kubeba. Mwani mwingi kiasi hicho haujilishi bure, unakula naitrojeni na fosforasi, na majitaka yana vyote viwili kwa wingi. Kwa hiyo namba waliyoileta kama cheti cha afya mimi naisoma kama dalili. Jua likizama, mwani huacha kutengeneza oksijeni na kuanza kuivuta, pamoja na bakteria, pamoja na tope la chini, usiku kucha. Kiwango cha chini kabisa huja alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mto uleule unaosoma 9 saa nane mchana unaweza kusoma 2 saa kumi na moja alfajiri. Samaki wengi huanza kutaabika chini ya 5, na kwenye 2 wengi hawamalizi usiku.

Kuna muuaji wa pili, amonia ya majitaka hayohayo, naye anapenda mchana. Majini amonia ipo kwa sura mbili, moja ina madhara kidogo kwa samaki na nyingine inaunguza mashavu yao. Kinachoamua ni joto na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwa nyuzi 25 na pH ya 7, ile mbaya haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 9 inapita theluthi. Na ni nani anayeipandisha pH mchana? Mwani tena, kwa kunyonya kaboni dioksidi. Ndiyo maana kupima amonia bila kuandika pH, joto na saa ni kujichosha. Oksijeni pimeni alfajiri, amonia na pH pimeni alasiri. Wauaji hawa wanapokezana zamu.

Madai ya sumu yasitupwe, kwa sababu uvuvi wa sumu upo kweli. Lakini sumu huacha alama tofauti. Sumu ikimwagwa hufa wakubwa kwa wadogo, mara nyingi wadogo wakitangulia, saa yoyote ya siku, na wadudu wa majini nao hupukutika. Ukosefu wa oksijeni huanza na samaki wakubwa, huua usiku wa kuamkia asubuhi, na kabla ya kufa huonekana wakipandisha midomo juu ya maji wakitwaa hewa. Kambare na jamaa zake wenye uwezo wa kuvuta hewa ya nje hubaki hai wakati wengine wameelea. Kwa hiyo mkienda darajani andikeni aina ya samaki, ukubwa na saa mliyowakuta. Kumbukumbu hiyo haina gharama, na ni vigumu kuibishia.

Geuzeni na mawe. Chagueni jiwe la ukubwa wa kiganja juu ya bomba, yaani upande maji yanakotokea, na lingine chini yake, upande yanakoelekea, penye mkondo unaofanana. Chini ya jiwe la maji safi utaona wadudu bapa, mikia yao mitatu, wakikimbia kujificha. Chini ya bomba, kama majitaka ni ya kudumu, wadudu hao hawapo. Utakuta minyoo myembamba na vijifunza vyekundu kama uzi wa damu. Wekundu ule ni hemoglobini, ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Kwenye mawe na vijiti utaona utando wa kijivu unaopepea kama pamba iliyolowa. Watu huuita kuvu, ingawa kwa sehemu kubwa ni bakteria. Utando huo hauoti kwa usiku mmoja. Mtu akikwambia bomba lilifurika mara moja tu kwa bahati mbaya, mwonyeshe.

Kama wanabisha kwamba maji yale ni ya mvua tu, kuna kipimo rahisi ninachokipenda. Sabuni nyingi za kufulia zina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, na kemikali hizo hung'ang'ania pamba. Chukua kipande cha pamba isiyopaushwa, ambayo haing'ai chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Kifunge ndani ya kijiwavu, kining'inize majini siku kadhaa, kingine kining'inize juu ya bomba. Visuuze, vikaushe gizani, viwashie taa chumbani. Cha chini kikiwaka ubuluu na cha juu kikabaki cheusi, maji ya kufulia ya watu yanaingia mtoni. Peke yake haitoshi kuwa ushahidi wa mwisho, lakini inawalazimisha kuja kupima bakteria, na majitaka ghafi hayajifichi kwenye kipimo hicho: huwa na E. coli, bakteria wa kinyesi, mamilioni kwa kila mililita 100, wakati kwa kuogelea sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2006 inataka maji mazuri ya bara yasizidi 1,000.

Kwa nini hali huwa mbaya zaidi mvua za kwanza? Mitandao mingi ya zamani hubeba majitaka na maji ya mvua kwenye bomba moja, na bomba likijaa hufunguka kwa makusudi kwenda mtoni ili choo kisirudi ndani ya nyumba za watu. Hata penye mabomba mawili, maji ya mvua hupenya kwenye chemba na nyufa na kuzidi nguvu ya pampu. Mvua ya kwanza husomba pia kila kilichotuama mabombani na tope lililolala chini ya mto. Ombeni kwa maandishi kumbukumbu za kituo: tarehe na saa pampu zilipozimika au mlango wa kufurikia ulipofunguka. Wekeni tarehe hizo kando ya tarehe za samaki wenu. Kisha takeni kipimo kirudiwe alfajiri, sehemu nne au tano kutoka juu ya bomba hadi chini ya daraja, wakati wa kiangazi maji yakiwa kidogo.

Kuhusu kula: samaki aliyekutwa amekufa au anayepepesuka, hapana, hata kama macho yake bado yanang'aa. Samaki mzima aliyevuliwa mbali na bomba, siku ambazo hapakuwa na furiko, hatari yake kubwa iko kwenye utumbo, mashavu na ngozi kuliko kwenye mnofu. Toa matumbo bila kuyapasua, tupa kichwa na mashavu, osha kwa maji safi na si ya mto, tumia kisu na ubao mwingine kwa mnofu, pika mpaka ndani kabisa. Kumla mbichi au nusu mbichi, usithubutu. Chaza na kome wa mtoni waacheni kabisa, kwa sababu wao huchuja maji mchana kutwa na kukusanya vijidudu mwilini. Na kama kwenye mtandao huo wa majitaka kuna viwanda, ushauri wangu wa kupika haufai kitu, maana zebaki na risasi haziondoki kwa moto. Hapo takeni mnofu upimwe metali kabla ya kuwapa watoto na wajawazito.

Kwenye mto huo hatari iliyo karibu nanyi zaidi ni mikono na miguu yenu. Mwenye kidonda asiingie majini baada ya furiko, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au sigara. Homa ikija siku chache hadi wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba uliingia kwenye maji yenye majitaka. Homa ya mkojo wa panya hufanana sana na malaria na mafua, na daktari asipoambiwa anaweza kuikosa.