Kabla Hujabandika Sufuria, Piga Hodi kwa Jirani

Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na ua mmoja wa wote. Chumba cha mbele alikaa bibi mwenye nyumba, Mzaramo. Mkabala na sisi kulikuwa na familia ya Kichaga, na nyuma yetu fundi cherehani wa Kimanyema na wanawe watano. Sisi tulikuwa Wanyamwezi wa Tabora, Wakatoliki. Majiko ya mkaa yote yalikaa uani, kwa hiyo hakuna aliyepika kwa siri. Vitunguu vikianza tu kukaangwa, watoto wote tumeshajua nani ana mgeni.

Ikifika Krismasi, baba alinunua mbuzi. Alimfunga kwenye mpapai tangu usiku, lakini kisu hakukigusa. Alimsubiri fundi cherehani arudi kutoka swala ya alfajiri. Baba anashika miguu, fundi anamgeuza mbuzi kuelekea kibla, anapiga Bismillahi, kazi inaisha. Mwaka mmoja nikamuuliza baba kwa nini asichinje mwenyewe, na kisu ni chetu, mbuzi ni wetu, sikukuu ni yetu. Akanijibu huku ananawa mikono: "Nikichinja mimi, tutakula sisi sita. Akichinja mwenzangu, itakula nyumba nzima."

Nimeandaa shughuli nyingi tangu hapo, zangu na za watu, na kila ninapoombwa ushauri naanza na mbuzi yule. Watu wengi wakipanga sherehe hujiuliza watapika nini. Mimi nasema jiulize kwanza nani atakula. Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na huwezi kujua mila za wote. Za ukuta wako unaweza.

Na usidhani unazijua. Nilipoolewa tulihamia Upanga, ghorofa ya pili, na chini yetu ilikaa familia ya Wahindi wenye asili ya Gujarati. Diwali ya kwanza, sikukuu ya taa ya Wahindu, niliona vitaa vya udongo vimepangwa kwenye ngazi, mlangoni wamechora maua kwa unga wa rangi, na mama wa nyumba akanipandishia sahani ya ladu na barfi. Nikafurahi mno. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, basi kesho yake nikapika pilau la nyama ya ng'ombe, la kushiba, nikajaza hotipoti na kumshushia. Alipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniuliza na hali ya mtoto. Baada ya siku mbili mlinzi wa getini akanisifia pilau langu. Ndipo nilipoelewa.

Niliona haya sana. Nilishuka nikamwomba radhi, naye akanishika mkono akasema, "Dada, ulileta kwa moyo, nami nilipokea moyo." Kisha akaniambia nyumbani kwake hawali nyama, samaki wala mayai, kwa hiyo hata keki zetu nyingi haziwafai. Mwaka uliofuata nilimpelekea korosho, zabibu kavu na maembe. Alizipanga mbele ya picha za miungu yao nikiwa nimesimama pale pale.

Kwa hiyo uliza, na uliza mapema, wiki moja kabla, siyo mtu ameshakaa mkekani na sahani iko mbele yake. Swali lenyewe si gumu. Mimi husema, "Mama fulani, Jumapili tuna shughuli na nataka mje. Kuna kitu hamtumii?" Basi. Sijapata kukutana na mtu aliyekasirika kwa kuulizwa hivyo; wengi hufurahi. Wapo watakaokujibu kwamba imani yao haiwaruhusu kula chakula cha sikukuu ya dini nyingine. Lipokee hilo bila kinyongo, na usiache kuwasalimu asubuhi ile.

Ukishajua, tenga vyombo. Asiyekula nyama hawezi kupakuliwa mchuzi wa maharage kwa upawa uliotoka kwenye sufuria ya mbuzi. Pia naomba niseme hili wazi: bia na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni haki yako nyumbani kwako, lakini siku uliyoita mtaa mzima visikae meza moja na chakula cha wote. Nimeona wageni waungwana wakishika sahani bila kula hata tonge, kwa sababu hawakujua lipi limegusana na lipi.

Siku na saa nazo ni sehemu ya mwaliko. Kwenye mtaa wetu wa sasa, Tabata, vikao vya kamati ya sherehe vilikuwa Jumamosi saa nane mchana, na tulikuwa tunamlaumu jirani mmoja kwamba hajitoi. Kumbe ni Msabato. Kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi yuko kwenye Sabato yake. Tulipohamishia kikao Jumapili saa kumi, akawa wa kwanza kufika, na sasa ndiye mtunza hazina. Diwali nayo kwetu si siku ya mapumziko, kwa hiyo utamwona jirani anaenda dukani kama kawaida. Kampongeze jioni, taa zikishawashwa.

Muziki sitausemea sana. Pata kibali ofisi ya serikali ya mtaa, spika zielekeze ndani, na saa mliyoahidi kuzima, zimeni.

Msiba ni jambo jingine. Sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikuwa Jumamosi, na Ijumaa usiku nyumba ya tatu kutoka kwetu ikapata msiba. Turubai letu lilikuwa limeshafungwa, MC ameshalipwa, ndugu wameshaingia kutoka Tabora. Mtaa ule ule, kwao mikeka na vilio, kwetu maua ya plastiki. Mama na shangazi walijifunga khanga wakaenda kutoa pole, wakakaa chini na wafiwa zaidi ya saa nzima, na mwisho ndipo shangazi akauliza tufanye nini. Mzee wa familia ile akasema, "Tunazika kesho alasiri. Tukisharudi makaburini, endeleeni na heri yenu, ila ngoma mtupunguzie." Wanaume wetu walikwenda kuzika. Usiku tukafanya sendofu bila spika za nje, na nusu ya viti tulikuwa tumewapelekea wao. Ikikukuta, nenda mwenyewe kwa miguu yako, usitume ujumbe wa simu.

Jaribu kubwa kwangu lilikuwa Pasaka ya 2024. Iliangukia Machi 31, katikati ya Ramadhani. Nilikuwa nimezoea kuita majirani saa saba mchana, baada ya misa, na ukuta wa pili anakaa mwalimu mwenzangu, Mwislamu, na wanawe. Ningepika mchana, harufu ya pilau ingeingia dirishani kwake wakati amefunga. Nilipiga hodi nikamweleza. Alicheka, akasema nisijisumbue, wao wameshazoea. Sikuridhika. Tukahamisha sikukuu jioni.

Watoto wangu nilishawapa chai na chapati mchana, maana si haki kuwafungisha watoto saumu isiyo yao. Sebuleni tulifagia, tukatandika mkeka safi, mwalimu akatuonyesha kibla. Jua lilipozama, saa kumi na mbili na nusu hivi, tukaanza na tende, maji na uji wa pilipili manga, wakaswali magharibi, kisha nikapakua futari ya mihogo ya nazi na lile pilau la Pasaka. Hapa kuna jambo dogo la kuzingatia: usiweke hotuba wala keki ya kukatwa kwa mbwembwe katikati. Mtu amefunga tangu alfajiri na ana isha na tarawehe mbele yake. Mpe ale, aende kwa amani.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Idi el-Fitri ya 2025 iliangukia ndani ya Kwaresima, na mimi Kwaresima huwa naacha nyama. Sikuwa nimemwambia mtu. Asubuhi ya Idi, watoto wote wa mtaa wakiwa kwenye nguo mpya wanadai sikukuu mlango kwa mlango, nilikaribishwa kwa mwalimu na nikakuta sinia la biriani linanisubiri, au nilidhani hivyo. Akaniashiria nikae upande wa pili. Akaleta sufuria ndogo ya wali wa nazi, bakuli la maharage, na samaki wa kupaka, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa.

"Watoto wako ndio walionambia," akasema. "Hii ni yako peke yako, haijagusana na nyama. Upawa wake uko ndani."