Ukienda mto McKenzie, ufuate unavyoshuka

Wengi wanaofika mto McKenzie, huko Oregon, Marekani, huegesha gari kando ya barabara kuu ya 126, wakapiga picha kwenye maporomoko ya Sahalie, kisha wakateremka kwa gari hadi mahali pa kuanzia safari fupi ya miguu ya kwenda Blue Pool, dimbwi la maji ya buluu. Kwa mwenye watoto wadogo au saa chache, hiyo inatosha. Lakini kama una siku nzima na magoti hayakusumbui, nakusihi uanzie juu, kwenye ziwa Clear Lake, ushuke pamoja na mto. Njia yote ya miguu inayofuata mto ni kilomita 42 hivi ndani ya Msitu wa Taifa wa Willamette. Ninachokisemea hapa ni kipande cha juu tu, na ukikitembea kwa mpangilio huo utaelewa kila unachokiona.

Chanzo cha yote ni lava. Miaka 3,000 hivi iliyopita, lava kutoka volkeno za Sand Mountain iliziba mto, maji yakajaa nyuma yake, na msitu uliokuwepo ukazama huku miti imesimama. Ziwa linalishwa na chemchemi, maji yake ni ya baridi kali mwaka mzima, na baridi hiyo ndiyo iliyoizuia miti isioze. Siku isiyo na upepo vigogo vile huonekana vizuri kutoka juu ya maji, wima kama vilivyoota. Usilipite ziwa hili mbiombio.

Upande wa mashariki wa ziwa njia inakatiza juu ya lava yenyewe, nyeusi na yenye ncha. Hapo viatu vyenye soli laini havifai. Vaa buti lenye soli ngumu linaloshika kifundo cha mguu, na usitoke njiani: kuvumwani hufunika mashimo katikati ya mawe, na mguu ukizama humo unaweza kuvunjika. Juani lava huwa moto na haina kivuli, kwa hiyo ipite asubuhi.

Mbele unaingia kwenye mierezi mikubwa, na ngurumo inatangulia kukufikia kabla hujaona kitu. Sahalie huanguka mita 30 hivi na manyunyu yake yanafika hadi njiani. Koosah, maporomoko mengine chini kidogo, ina kama mita 21. Mimi napenda zaidi Koosah: ni pana, na maji yanapopungua kiangazi hugawanyika mikondo ukingoni kabla ya kuanguka. Mizizi na mbao za hapa huteleza, na uzio haukuwekwa kwa urembo.

Baada ya bwawa la Carmen watu hupungua, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote. Mto unatoweka. Maji ya bwawa hupelekwa kwa handaki hadi bwawa jirani la Smith kwa ajili ya kufua umeme, na yale yanayopenya ardhini hupita chini ya lava. Kwa kilomita kadhaa unatembea kando ya mkondo mkavu, mawe yamevaa kuvumwani, na baada ya kelele za maporomoko unaanza kusikia hatua zako mwenyewe. Hapa huwezi kuchota maji, kwa hiyo yabebe ya kutosha tangu mwanzo.

Halafu msitu unafunguka na chini ya genge kuna Blue Pool, ambako maji yanachipuka tena kutoka kwenye miamba. Ni ya buluu na maangavu kiasi kwamba kina kinadanganya. Tafadhali usiruke. Maji yake yana nyuzi chache tu juu ya sifuri, baridi hiyo hukata pumzi ghafla, na watu wamekufa pale. Hata kuteremka genge kwa ajili ya picha ni hatari, kwani mawe yake hayajashikana.

Kutoka hapo ni kilomita tatu na kitu hadi kwenye maegesho karibu na bwawa la Trail Bridge. Kwa kuwa unaishia mbali na ulikoanzia, acheni gari moja chini kabla ya kupanda juu na la pili. Baiskeli za milimani nazo hutumia njia hii, hivyo usizibe masikio kwa muziki. Theluji hufunika sehemu za juu majira ya baridi. Mimi ningechagua Septemba mwishoni au Oktoba mwanzoni, wakati vichaka vya mepo (maple) vinapogeuka vyekundu juu ya lava nyeusi na umati wa kiangazi umeshaondoka.